Gari bovu: ulitengeneze, uliuze jinsi lilivyo, au ulikate spea?

Usifungue hata nati moja ya gari bovu kabla hujajua litaishia wapi. Hasara kubwa huanza kidogo kidogo: gari limesimama uani, jirani anaomba auziwe alteneta, mwezi unaofuata zinatoka taa za mbele, kisha betri inahamia kwenye gari jingine. Baada ya miezi sita mwenye gari anaamua kuuza, na mnunuzi anayefika anakuta mabaki, basi anataja bei ya mabaki. Gari linalowaka na kusogea lenyewe, hata kama linatoa moshi, bado lina bei ya gari. Lilinde hivyo mpaka uamuzi ufanyike: liwashe kila wiki kama linawaka, tairi zijazwe upepo, vioo vipandishwe, na kama halitawashwa, toa waya hasi wa betri.

Maelezo haya yanahusu zaidi magari yaliyojaa barabara za Tanzania, Toyota ndogo za mtumba kutoka Japani kama Vitz, IST, Corolla na Premio. Njia ziko nne: kulitengeneza ndipo uuze, kuliuza jinsi lilivyo, kulikata spea (yaani kulifungua na kuuza vipuri vyake kimoja kimoja), au kulipeleka skrepa, kwenye chuma chakavu, zima zima. Hiyo ya nne karibu kila mara ndiyo inayolipa kidogo kuliko zote.

Kwanza ujue ugonjwa

Kauli kwamba injini imekufa haitoshi kupangia bei. Lipia vipimo, na ikiwezekana umlipe fundi ambaye hatapewa kazi ya kutengeneza, ili asiwe na sababu ya kukuza tatizo wala kulipunguza.

Kwa injini, kipimo kikuu ni kompresheni, yaani shinikizo ndani ya kila silinda, ambalo geji huonyesha kwa psi. Injini iwe ya moto na betri iwe imejaa. Zitolewe plagi zote nne, zichomolewe soketi za koili na za nozeli, pedali ya mafuta ikanyagwe hadi chini, kisha stata ipigwe mizunguko mitano au sita kwa kila silinda. Kwa 1NZ-FE, injini ya cc 1,500 iliyomo kwenye baadhi ya IST na Vitz, kiwango cha injini nzima ni takribani psi 213, cha chini kinachokubalika ni psi 156, na silinda zisipishane zaidi ya psi 14. Silinda iliyo chini imwagiwe vijiko viwili vya chai vya oili kwenye tundu la plagi, ipimwe tena. Namba ikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Isipopanda, shida iko kwenye valvu. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, elekeza macho kwenye gasketi ya hedi.

Tofauti hiyo ndiyo inayopanga bei. Gasketi ni kazi ya kawaida endapo hedi haijapinda. Fundi alaze rula iliyonyooka juu ya uso wa hedi na kujaribu kupitisha fila (bati jembamba la kupimia nafasi) ya milimita 0.05 chini yake. Ikipita, hedi inahitaji kuchongwa. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda huungua tena haraka, na gari lililochemsha mara moja kwa rejeta iliyoziba au themostati iliyong'olewa litachemsha tena kama chanzo hakijaguswa. Kwa hiyo makadirio ya gasketi yasiyotaja rejeta, themostati na kulanti hayajakamilika.

Ringi ni habari nyingine. Zingatia sana injini za 1ZZ-FE zilizotengenezwa kabla ya 2005, zilizomo kwenye baadhi ya Corolla, Allion na RAV4. Pistoni zake zina vitundu vidogo na vichache vya kurudishia oili, vinaziba kwa masizi, na injini inaanza kula oili. Kubadili ringi peke yake juu ya pistoni zile zile ni kuahirisha. Ukiwa na gari la namna hiyo, piga hesabu ya injini nyingine ya mtumba badala ya ovahoo.

Gia boksi otomatiki hupimwa kwa pua na saa. Chomoa kijiti cha kupimia: oili nyekundu ni njema, ya kahawia imechoka, nyeusi yenye harufu ya kuungua inamaanisha klachi za ndani zimeanza kuliwa. Gari likiwa limesimama na breki imekanyagwa, hamisha gia kutoka N kwenda D uhesabu mpaka usikie inashika. Toyota nyingi hutakiwa kushika ndani ya sekunde 1.2, na kwenda R ndani ya 1.5. Ikichelewa sana, au resi ikipanda huku gari halisogei, usikubali kuambiwa kuwa kubadili oili kutaiponya. Kama ni CVT, gia boksi ya mkanda isiyo na gia za hatua, uliza oili gani iliwekwa mara ya mwisho, maana oili ya gia otomatiki ya kawaida huua CVT, na boksi iliyouawa hivyo usiipangie bei ya spea nzima.

Kabla ya kukubali kwamba kontrol boksi (kompyuta ya injini) imekufa, zikaguliwe waya za ethi kwenye injini na bodi, relei na pampu ya mafuta, na sensa ya krenki. Ni vitu vya bei ndogo, na vinaweza kulisimamisha kabisa gari ambalo halina ugonjwa mwingine.

Mambo matatu yanayomaliza mjadala

Kutu ya chesi na bodi ni la kwanza. Rangi isikudanganye, ingia chini na bisibisi. Bonyeza kwa nguvu sehemu za juu zinapofungwa shokapu, mbavu za chini ya milango, na pale inapofungwa mikono ya magurudumu ya mbele (kontrol am) na ekseli ya nyuma. Bisibisi ikizama, chuma kimeisha. Sumaku isiyoshika mahali panapotakiwa kuwa na bati inaonyesha pati nene. Magari yaliyokaa pwani huliwa na hewa ya chumvi, na yaliyotoka kaskazini mwa Japani huwa yameliwa na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Kutu ya mlango ni sura tu. Kutu ya sehemu inayobeba shokapu au stelingi inaua watu, na gari hilo lisiuzwe kwenda barabarani kwa bei yoyote. Likatwe.

La pili ni bodi iliyopinda kwa ajali. Pima kwa futi kamba mishazari miwili chini ya gari, kutoka tundu la mbele kushoto hadi la nyuma kulia, kisha kinyume chake. Mishazari ikipishana kwa sentimita nzima au zaidi, gari litakula tairi daima na halitashika mstari.

La tatu ni makaratasi. Kadi ya gari iwe ya asili, na namba ya chesi na ya injini zilingane na zilizopigwa kwenye chuma. Injini iliwahi kubadilishwa bila kubadilisha kadi? Rekebisha TRA (Mamlaka ya Mapato) kwanza. Angalia pia madeni kwa namba ya gari: faini za trafiki, na ada za maegesho. Mnunuzi makini ataangalia, na deni atalikata kwenye bei yako pamoja na usumbufu.

Hesabu

Tafuta namba nne. Ya kwanza ni bei halisi ya gari kama lako likiwa zima. Bei za kwenye matangazo ni za kuanzia, hivyo piga simu kwa wauzaji watano wenye mwaka na injini kama yako, uulize bei ya mwisho. Ya pili ni matengenezo yote yanayohitajika ili uliuze bila kuficha kitu, kisha uongeze asilimia 30, kwa sababu injini ikifunguliwa huonyesha mengine. Ya tatu ni bei ya jinsi lilivyo: waite mafundi au wanunuzi watatu tofauti, wasikutane. Ya nne ni thamani ya spea.

Mfano, kwa namba za kuonyesha hesabu tu. IST ikiwa nzima inauzika milioni 8. Gia boksi ya mtumba, oili na ufundi ni milioni 1.6, shokapu na bushi laki 4, tairi nne laki 5. Jumla milioni 2.5. Ongeza asilimia 30, inakuwa milioni 3.25. Dalali laki 4. Kinachobaki ni milioni 4.35. Fundi mmoja anatoa milioni 4.2 leo, kwa gari lile lile bovu. Tofauti ya laki moja na nusu hailipi mwezi wa kushinda gereji na mtaji uliofungwa. Mpe gari.

Sasa chukua Corolla ya zamani ambayo ikiwa nzima inauzika milioni 3.2, matengenezo milioni 2.4. Ukiongeza asilimia 30 yanafika milioni 3.12. Matengenezo yamekula gari lote, na hapo ndipo swali la kukata linapokuja. Tengeneza tu pale ambapo kinachobaki kinazidi bei ya jinsi lilivyo kwa kiasi ambacho ungekubali kulipwa kama mshahara wa kazi hiyo.

Thamani ya spea wengi huikosea kwa kujumlisha bei za dukani za kila kitu. Orodhesha vinavyotafutwa tu: injini ikiwa na kontrol boksi na waya zake, gia boksi, taa, saiti mira, bampa, milango, rimu, alteneta, stata, kompresa ya AC na raki ya stelingi. Viti, zulia, dashibodi na vioo vya milango huchukua nafasi miezi mingi. Kisha utoe theluthi ya jumla, kwa ajili ya vitakavyovunjika wakati wa kufungua na punguzo utakalobanwa. Unapouzia wenye maduka ya spea, kama wa Gerezani Kariakoo, utalipwa bei ya jumla. Ukiuza mwenyewe kimoja kimoja utapata zaidi, ila unahitaji eneo lenye paa, mlinzi na subira ya miezi mitatu au zaidi.

Ukiliuza jinsi lilivyo

Liuze kwa ukweli wake. Oili nzito ya kuzima moshi na kufuta taa ya injini kwa mashine saa moja kabla ya mnunuzi kufika ni udanganyifu, na taa itarudi kabla hajafika kwake. Andika ubovu kwenye mkataba kwa majina: gia boksi inateleza, AC haifanyi kazi, shokapu za mbele zimeisha. Mkataba unaosema hivyo, uliosainiwa mbele ya wakili, unakulinda wewe pia.

Usikabidhi gari na kadi kwa ahadi kwamba mnunuzi atabadilisha jina baadaye. Mpaka TRA ibadilishe umiliki, kila faini, ada ya maegesho na ajali itatafuta jina lako. Shughulikieni uhamisho pamoja siku ya malipo, ubaki na nakala ya mkataba, ya kitambulisho cha mnunuzi na ya kadi.

Ukilikata

Toa waya hasi wa betri, subiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa stelingi au dashibodi, kwa sababu mfumo wa eabagi (mifuko ya hewa ya usalama) hubaki na umeme kwa muda. Kisha mwaga vimiminika katika vyombo tofauti: petroli, oili ya injini (1NZ-FE ina takribani lita 3.7), oili ya gia, kulanti, oili ya breki. Visimwagwe ardhini wala mtaroni. Tenki litolewe kabla ya moto wowote wa gesi au welding kukaribia bodi. Tenki tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka.

Anza na vitu vya nje vinavyovunjika, taa, mira na bampa, kabla watu hawajaanza kuegemea gari. Piga picha soketi za waya kabla ya kuzichomoa, na usikate waya za injini kwa kisu. Injini isiyo na waya zake hupoteza sehemu kubwa ya bei. Boliti za kila kitu zifungwe kwenye mfuko wake.

Masega ya eksozi (kifaa cha kusafisha moshi) yauzwe peke yake. Ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, hivyo anayetaka kuyapima kwa kilo pamoja na chuma anakuibia. Tenganisha pia alumini (rimu za spoti, hedi, bloku ya 1NZ-FE), shaba ya waya, na betri. Bloku ya 5A, injini ya Corolla za zamani, ni chuma, isikudanganye. Bodi tupu ya gari dogo, ikishavuliwa kila kitu, hubaki na uzito wa kilo 200 na ushee hadi 300, na hapo ndipo skrepa inapofaa. Hakikisha mnunuzi ana kibali cha biashara ya chuma chakavu, na simama kwenye mizani mwenyewe.

Atatokea mtu wa kununua kadi na vibao vya namba peke yake, pengine kwa pesa inayozidi ya bodi nzima. Mkatalie. Kadi ya gari lililokatwa hutumika kulipatia gari la wizi jina jipya, na jina hilo ni lako. Kipande cha bati chenye namba ya chesi kikate ubaki nacho, kisha upeleke TRA kadi na vibao pamoja na barua ya kuomba usajili ufutwe. Kipande hicho usikiachie mpaka uwe na karatasi inayoonyesha kuwa gari limetoka kwenye daftari.