Mnaoenda Ujerumani, Jumapili maduka hufungwa

Nyinyi manesi na wanafunzi mnaopaki mabegi saa hii, nunueni chakula Jumamosi mapema. Hapa Nairobi hata saa nne usiku unashuka tu kwa ploti unapata maziwa na mayai mawili kwa kioski, lakini kule Jumapili na sikukuu supamaketi karibu zote zimefungwa, ni sheria. Ukikwama jaribu petroli stesheni ama maduka ya ndani ya stesheni kubwa za treni, bei imechangamka lakini hutalala njaa.

Halafu chupa usitupe! Ile ya plastiki ya maji ama soda, hata kopo, mara nyingi unalipishwa senti 25 za yuro juu ya bei, sasa ukimaliza kunywa unazirudisha supamaketi kuna mashine hapo, unaingiza moja moja inameza, unabonyeza inatoa karatasi unampelekea keshia anakupa pesa yako. Usizikanyage kwanza zikakunjika, mashine lazima isome alama. Za bia za glasi mara nyingi ni senti 8, si mbaya.

Na hiyo Jumapili usitoboe ukuta na drili wala kufungulia muziki kama matatu ya Rongai, jirani anaweza kukuitia polisi, si mchezo.