SOMO: Walimu mnaoniuliza "fursa za uhandisi", anzeni na daraja la vijiti vya mishikaki

Wakuu, habari za jioni.

Tangu mwezi wa pili inboksi yangu ina swali moja tu: "Mwalimu, uliingiaje kule kwa wahandisi? Nami nipe linki." Nimejibu mpaka vidole vimechoka. Naandika mara moja hapa, na atakayeuliza tena nitamtumia uzi huu bila hata salamu.

Mimi nafundisha fizikia shule ya kata hapa Mbeya. Sina shahada ya uhandisi na sikupewa linki na mtu. Nilikuwa na karatasi moja, yenye somo nililolifundisha mwenyewe na vipimo vyake. Mhadhiri mmoja akaisoma, akaniuliza swali, mazungumzo yakaanzia hapo. Ukienda mikono mitupu kuomba fursa utakaribishwa kiti, utapewa chai, utaagwa. Kwa hiyo tunatengeneza karatasi kwanza.

1. Swali la kuanzia. Mimi huanza na Daraja la Mungu, kule Rungwe kwenye mto Kiwira. Jiwe lile halina nguzo katikati wala nondo, na mto unapita chini yake. Waulize wanafunzi: uzito wa pale katikati unakwenda wapi? Usiwajibu. Mlio Makambako mnayo reli ya TAZARA. Kipande cha kutoka kwenu kushuka Mlimba kina madaraja na mahandaki ya kumaliza muhula mzima.

2. Vifaa. Vijiti vya mishikaki, gundi nyeupe ya mbao, uzi, rula, ndoo ya lita 20, kamba, chupa ya maji ya nusu lita. Sokoni Mwanjelwa unavipata vyote.

3. Makundi. Wanne wanne. Kila kundi vijiti 60, daraja livuke nafasi ya sentimita 40 kati ya meza mbili. Kijiti kimoja hakifiki, na ndivyo ninavyotaka, kwa sababu watalazimika kuunga. Asiye na mchoro hapewi vijiti.

4. Kuunga na kukausha. Funga uzi, paka gundi, acha. Juni na Julai acha siku mbili, baridi yetu gundi hii haiipendi kabisa.

5. Kupakia mzigo. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo soma taratibu.

Mara ya kwanza nilining'iniza ndoo katikati ya daraja, nikawaambia vijana waokote mawe uwanjani wawe wanatia. Darasa lilichangamka kuliko siku zote. Kila daraja likivunjika tunapima mawe, naandika kilo. Nikajaza jedwali zuri la makundi tisa, nikalipeleka chuoni kifua mbele. Yule mhadhiri akalitazama, akauliza kitu kimoja tu: "Mzigo uliongezwaje?" Nikasema mawe. "Waliyaweka au waliyaachia?" Nikanyamaza.

Mzigo unaotua ghafla hauna nguvu sawa na mzigo uliowekwa polepole. Hata ukiliachia jiwe likiwa limegusa tu, bila kulidondosha kutoka juu, daraja kwa muda mfupi linabeba mara mbili ya uzito wa jiwe hilo. Ukilidondosha ni balaa. Chukua jiwe ambalo likiwekwa taratibu linalizamisha daraja milimita 5. Liachie kutoka sentimita 5 juu, na ukipuuza nishati inayopotea njiani, hesabu inakupa zaidi ya mara tano. Kwa hiyo madaraja yangu tisa hayakushindana kwa ubora. Yalishindana kwa nani ana rafiki mwenye mkono mpole. Jedwali zima nililitupa, na muhula ulikuwa umeisha.

Sasa natumia maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, basi huhitaji mizani: chupa ya nusu lita ni nusu kilo. Mimina kwa kuelekeza ubavuni mwa ndoo, subiri ukihesabu hadi kumi, mimina nyingine. Ongeza uzito wa ndoo tupu na kamba kwenye hesabu (hiki nilikisahau mara ya PILI, msinicheke). Kamba ikae juu ya kibao kidogo katikati, palepale kwa kila kundi, isikate kijiti kimoja. Mchanga wa mtoni msiutumie, ukiwa mbichi una uzito wake na ukikauka una mwingine.

Tahadhari: ndoo ining'inie sentimita 5 tu kutoka sakafuni, chini uweke gunia. Hakuna mguu chini ya ndoo, hakuna kuchungulia kwa chini. Vijiti vikikatika vinaruka, wa mbele wasogee nyuma.

6. Karatasi. Ukurasa mmoja. Swali, picha, jedwali, na sehemu ambayo walimu wengi wanairuka: wanafunzi walijua nini kabla, na wanajua nini sasa. Wape maswali matano siku ya kwanza, wape yaleyale siku ya mwisho. Wanaojishughulisha na ufundishaji wa uhandisi daraja lako litawafurahisha dakika mbili. Wanachotaka kujua ni kama kichwa cha mtoto kimebadilika.

7. Peleka. Mbeya tuna MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) pale Iyunga, kilichoanza 1986 kama chuo cha ufundi na kuwa chuo kikuu 2012. Iringa mna chuo cha Mkwawa kwa upande wa ualimu, na shule ya ufundi Ifunda kwa karakana. Barua ipitie kwa mkuu wa shule. Usimruke, hata kama ni rafiki yako.

8. Unakojiunga. Baada ya hapo, si kabla. Wanafunzi wapeleke Young Scientists Tanzania, wanaoonyesha kazi za sekondari Dar es Salaam. Masomo ya bure ya kuiga darasani yako kwenye tovuti za TryEngineering, ambayo ni ya IEEE (chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme na elektroniki), na TeachEngineering ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Ni ya Kiingereza, utatafsiri mwenyewe. PhET ina majaribio ya kwenye kompyuta, baadhi yameshatiwa Kiswahili, na unaweza kuyapakua ukayatumia bila intaneti.

Maswali karibuni.

---

Kijana wa Kabwe: Mkuu somo zuri sana. Naomba linki ya ufadhili.

Mwandishi: Hatua ya 6.

Kijana wa Kabwe: Hiyo hatua ya 6 sijaona linki.

Mwandishi: Ndiyo.

Madam Tukuyu: Shikamoo mwalimu. Daraja la Mungu liko jirani kabisa na kwetu, sikuwahi kulitumia darasani. Watoto wangu wakiniambia "ni muujiza tu", niendeleeje?

Mwandishi: Marahaba dada. Usibishane na muujiza, waambie Mungu ana hesabu zake nasi tunazisoma. Chukua vitabu viwili vinene uvisimamishe, katikati weka karatasi ngumu iliyopinda kama upinde, ncha zake zikibanwa na vitabu. Bonyeza juu kwa kidole, itabeba. Kisha mwanafunzi aondoe kitabu kimoja, upinde utalala papo hapo. Ndipo uulize kule Kiwira "vitabu" ni nini. Watakuambia wenyewe ni kuta za bonde. Jiwe linapenda kubanwa na halipendi kuvutwa, na upinde kazi yake ni kuugeuza uzito uwe mbano. Ukiweza kuwapeleka, wachore wakiwa palepale, wasitegemee picha ya simu.

Madam Tukuyu: Ahsante sana. Nitawapeleka mvua zikikata, sasa hivi njia inateleza.

Fundi Chuma: Huu ni mchezo wa chekechea. Wahandisi wa kweli hawachezi na mishikaki.

Mwandishi: Kanuni ya mzigo wa ghafla niliyoeleza hapo juu ndiyo inayowafanya wenye winchi wakatazwe kuliachia dude lishuke ghafla kisha lidakwe na kamba kwa kishindo. Kama vijiti ni vya chekechea, tengeneza lako la vijiti 60 livuke sentimita 40, utuambie limebeba lita ngapi. Tunasubiri.

Fundi Chuma: Sina muda.

Mtoto wa Mafinga: Nikijiunga na hivyo vyama nitaruhusiwa kuandika "Mhandisi" mbele ya jina? Niko fizikia na hesabu.

Mwandishi: Hapana. Kwetu jina hilo linalindwa na Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya 1997, na anayesajili ni Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Chama cha wafundishaji hakikupi uhandisi. Wewe ni mwalimu, jina hilo lina heshima yake.

Msaidizi wa Iyunga: Mwalimu, mimi niko upande wa pili. Nafundisha mitambo chuoni, mwaka wa pili huu. Nilitoka kwenye shahada nikaingizwa darasani moja kwa moja, hakuna aliyenifundisha kufundisha. Uzi huu unanihusu au ni wa sekondari tu?

Mwandishi: Unakuhusu wewe kuliko wote, na nakushukuru kwa kusema wazi. Sisi tulisomea ualimu hatujui karakana, ninyi mnajua karakana hamkusomea ualimu. Tatizo hilo ni la zamani na duniani kote lina wenyewe. Wamarekani waliunda chama cha elimu ya uhandisi tangu 1893, leo kinaitwa ASEE. Ulaya wana SEFI, ya 1973. Kilicho karibu zaidi na shida yako ni IGIP, kilichoanzia Klagenfurt, Austria, mwaka 1972. Wao wanashughulika hasa na namna ya kumfundisha mhandisi, na wana cheti cha kimataifa kwa mhandisi aliyejifunza ualimu.

Lakini kabla ya kulipa ada popote: hapo mlipo tafuta mwalimu wa fizikia wa sekondari mkae vipindi vinne. Yeye akutazame ukifundisha, wewe umtazame. Nilifanya hivyo na mhadhiri wangu, na yeye ndiye aliyesema amefaidi zaidi. Hakujua kwamba akiuliza swali huwa anasubiri sekunde mbili kisha anajijibu. Nilimhesabia kwa saa ya mkononi.

Msaidizi wa Iyunga: Hahaha, mimi nadhani sifiki hata hizo mbili. Nimekuandikia inboksi.

Mwandishi: Nimeiona. Jumamosi Mafiati, saa nne.

Dhahabu Chunya: Nyongeza wakuu. Mkitaka kupima uzito wa daraja lenyewe, kuna vile vimizani vidogo vya kidijitali wanavyotumia wanunuzi wa dhahabu huku kwetu. Vinasoma gramu bila shida. Azima tu, usiende na gundi mbichi, jamaa hawana utani na mizani zao.

Mwandishi: Hii naichukua! Gawanya mzigo uliovunja daraja kwa uzito wa daraja, ndipo upange nani mshindi. Kundi lililomwaga gundi chupa nzima litashuka lenyewe.

Mnyalu wa Kalenga: Kwani lazima vijiti vya dukani? Sisi mianzi imejaa mabondeni.

Mwandishi: Mianzi inafaa sana, ina nyuzi ndefu. Pasua, chonga vilingane unene, kausha kivulini. Ubaya wake ni kwamba kila kijiti kitakuwa na nguvu yake, kwa hiyo changanya vyote kwenye fungu moja kabla ya kugawa.

Mnyalu wa Kalenga: Sawa mkuu.

Bibi Mapunda: Na mkate iliyokomaa tu. Wanafunzi wakishuka msimu wa mvua wakakata machipukizi ya mianzi ya watu, ile inayogemwa ulanzi (pombe ya mianzi), hilo somo litaishia kwenye kikao cha wazee, na faini mtalipa walimu.

Mwandishi: Shikamoo bibi. Naongeza kwenye tahadhari.

Ticha Njombe: Mkuu kuna posho?

Mwandishi: Hakuna.

Ticha Njombe: Na hao IEEE hawalipi?

Mwandishi: Mwalimu.

Amali Rujewa: Shule yetu imeingia mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, ulioanza 2024, karakana bado inajengwa. Hili somo naweza kuliweka chini ya ujenzi?

Mwandishi: Unaweza, na halihitaji karakana. Kwa ujenzi ongeza jambo moja: kila kundi liandike gharama ya daraja lao, vijiti kwa bei na gundi kwa bei. Wanafunzi wangu walianza kupunguza vijiti wenyewe nilipowaambia kila kimoja ni shilingi. Ukipata vipimo nitumie, tulinganishe. Shule mbili zenye jedwali moja ni karatasi nzito kuliko ya kwangu peke yangu.

Madam Tukuyu: Nimerudi. Tumejaribu leo mchana na makundi matatu tu. La kwanza lita tano, la pili lita tisa na nusu, la tatu limekataa kuvunjika, maji yameisha. Lile la pili halikukatika kijiti hata kimoja. Kiungo ndicho kilichochomoka.

Mwandishi: Dada, hilo la pili ndilo zuri kuliko lote. Kiungo kilichochomoka kina uzi au gundi peke yake? Nitumie picha kabla hawajakitupa.

Madam Tukuyu: Gundi peke yake. Mmoja wao anasema alikuwa anaokoa uzi.