Somo: Mshipi wa kuvutia chambo bandia chenye ulimi

Anayeingia dukani hapa Malindi kununua mshipi huuliza jambo moja: "Huu unabeba kilo ngapi?" Muuzaji anamjibu, pesa zinatoka, na kesho yake chambo cha bei ghali kinapita juujuu huku samaki wako chini wakijilia zao. Swali la kilo lina mahali pake, lakini si la kwanza. Nazungumzia kile kisamaki cha plastiki au mbao chenye ulimi mdomoni, kile kipande bapa kinachokizamisha na kukitikisa kikivutwa. Chambo cha namna hiyo hakishuki kwa uzito wake, hushuka kwa kuvutwa. Mshipi ndio unaoamua kifike wapi.

Maelezo mengi yaliyoandikwa juu ya chambo hiki yametoka Marekani, kwa wavuvi wa besi, samaki wa maji baridi anayejificha kwenye majani na magogo ya ziwani. Kanuni zao ni sahihi. Namba zao ndizo usizozichukua kama zilivyo, maana wao hawana matumbawe wala nguru.

Hatua ya kwanza: kina

Tazama ulimi. Mrefu uliolala mbele kufuata mwili huzamisha sana, mfupi uliosimama huzamisha kidogo. Kwenye boksi huandikwa kina, mita tatu au sita au tisa, lakini kina hicho kimepimwa kwa mshipi wa unene fulani. Weka mnene zaidi na hutakifikia, kwa sababu maji yanausukuma mshipi urefu wake wote, na kadiri ulivyo mnene ndivyo unavyokiinua chambo. Chambo kilekile, kwa mwendo uleule, hushuka zaidi kwenye mshipi wa milimita 0.30 kuliko wa 0.50. Ukiongeza urefu nyuma ya boti kinashuka tena kidogo, kisha kinafika mahali hakishuki hata ukimaliza mshipi wote wa rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi kwenye fimbo.

Kwa hiyo unene ni usukani. Mwamba ukiwa mita tano chini, hutaki chambo cha mita tisa kwenye mshipi mwembamba, kitaugonga na kubaki huko. Ama badilisha chambo, ama nenepesha mshipi kwa makusudi kipite mita moja au mbili juu ya mwamba. Na usisahau maji yenyewe. Wakati wa bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa katika pwani yetu hupita mita tatu, kwa hiyo mwamba uliopita juu yake salama asubuhi unaweza kukunyang'anya chambo adhuhuri.

Hatua ya pili: aina

Nailoni ndiyo niipendayo kwa kazi hii, ingawa vijana wanaiona ya kizee. Huvutika, na kuvutika huko kuna faida. Chambo hiki kina ndoana za pembe tatu, ndogo na nyembamba. Kolekole akipiga kwa kishindo na mshipi haulegei hata kidogo, ndoana inachana mdomo au inanyooka. Nailoni humpa nafasi ya kugeuka, na akigeuka ndoana zinaingia vizuri. Ubaya wake ni kwamba inakunywa maji ikapungua nguvu, na jua huila.

Mshipi wa kusuka, ule wa nyuzi nyingi zilizosokotwa pamoja, una nguvu ya ajabu kwa wembamba wake. Wa kubeba ratili 30 una unene unaokaribia nailoni ya kubeba ratili 8. Unazamisha chambo vizuri na unakupa habari zote mkononi, hata jani likinasa kwenye ndoana utalijua. Lakini hauvutiki, unaelea, na matumbawe yakiugusa ukiwa umekazika hukatika papo hapo. Ukiutumia, chagua fimbo laini na ulegeze breki ya rili, ile inayozuia mshipi usitoke ovyo samaki akivuta. Kwenye bobini ya rili tangulia na nailoni kidogo, la sivyo mshipi wote utateleza na kuzunguka ukivutwa.

Florokaboni inazama, haivutiki sana kama nailoni, hainywi maji, inavumilia kuchubuka, na ndani ya maji haionekani sana kwa sababu inapinda mwanga karibu sawa na maji yenyewe. Ni ghali pia. Kuijaza rili nzima kwa bahari yetu ni kutupa pesa. Itumie kwa kipande cha mbele tu. Na mvua zikinyesha bara, mto Sabaki ukatapika udongo wake mwekundu mpaka baharini, hiyo sifa ya kutoonekana haina kazi: katika maji hayo hata kamba ya manila haionekani.

Hatua ya tatu: nguvu

Sasa ndiyo zamu ya kilo. Kwa kurusha chambo kutoka ufukweni au karibu na miamba, kwa kolekole wa wastani, nailoni ya ratili 20 (kama kilo 9) inatosha. Kwa kurambaza, yaani kuvuta chambo nyuma ya boti, nje ya mwamba, mahali nguru na sehewa wanapopita, nailoni ya 30 au wa kusuka wa 50. Zaidi ya hapo unanunua woga.

Hatua ya nne: kipande cha mbele

Hiki ni kile kipande kati ya mshipi mkuu na chambo, mita moja na nusu hadi tatu, cha florokaboni au nailoni nene kuliko mshipi wako. Kinakutana na mwamba, mapezi na mkia ili mshipi mkuu usikutane navyo.

Waya ni mjadala mwingine. Nguru na tengesi wana meno ya kukata, na bila waya utawalisha vyambo. Ila waya mzito unavuta pua ya chambo chini, kinaacha kucheza na kinapita kama kijiti. Tumia waya mwembamba wa uzi mmoja, urefu wa shibiri moja, usizidi. Usiufunge fundo, usokote wenyewe kwa wenyewe. Kama unamtafuta kolekole peke yake, uache boksini.

Hatua ya tano: fundo

Lowesha kwa mate kabla ya kukaza, kila mara. Msuguano wa fundo kavu unatoa joto, na florokaboni hasa hudhoofika hapo. Likishakaa, litazame kwa karibu: mizunguko ilale sambamba, mmoja baada ya mwingine. Ukiona mmoja umepanda juu ya mwenzake, kata na uanze upya. Chambo chenye pete puani unakifunga moja kwa moja kwenye pete. Kisicho na pete kifungie fundo la kitanzi, kipate nafasi ya kutikisika.

Kisha pitisha mita mbili za mwisho katikati ya midomo yako. Vidole vya mvuvi vimekuwa sugu na havisikii kitu, lakini mdomo unasikia kila mkwaruzo. Panapokwaruza, kata.

Hatua ya sita: breki

Theluthi ya nguvu ya mshipi. Wa kilo 9, breki iachie kwenye kilo 3. Mizani ya kuning'iniza ya wachuuzi wa samaki inatosha kupimia, mwombe jirani.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Shela, Lamu:* Assalamu alaikum, mwalimu. Mkondo wa kati ya Lamu na Manda huenda mbio maji yakitoka. Chambo changu hulala ubavu na kupanda juu. Ni mshipi?

Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Huenda si mshipi, ni mwendo. Ukipanda dhidi ya mkondo, nchi kavu inaonekana haisogei, nawe unaongeza mashine. Chambo hakijui habari za nchi kavu, kinajua maji yanayopita kwenye ulimi wake, na hayo yamekuwa makali kupita kiasi. Usitazame Manda, tazama ncha ya fimbo: itetemeke kwa mpigo uliolingana. Ikituliatulia na kurukaruka, punguza. Kama bado kinalala, kagua kile kijiwaya cha puani unapofungia mshipi, huenda kimepinda.

*Mwanachama wa Ngomeni:* Kaka, sisi hatuna rili. Navua kwa mkono kwenye ngalawa. Hilo somo linanihusu?

Linakuhusu sana. Mshipi wa kusuka usiuguse kwa mkono mtupu, utakukata mpaka mfupani. Shika nailoni ya milimita 0.90 au 1.00, iliyo rafiki kwa kiganja, na mbele yake unganisha mita kumi na tano za nailoni ya 0.60. Ule mnene unabaki mkononi na karibu na chombo, ule mwembamba ndio unaoshuka na chambo. Mkono wako ndio breki, kwa hiyo samaki akivuta, mwachie. Usizungushe mshipi kiganjani.

*Mwanachama mwenye duka, Malindi:* Mwalimu, wateja wanarudisha nailoni wakisema imeoza, nami naiuza mpya kabisa. Nimetundika bobini mlangoni zionekane.

Jibu lako liko hapohapo mlangoni, dada. Jua limeila kabla ya mteja. Tundika bobini tupu, zenye mshipi ziweke ndani gizani. Ikishapauka na kuacha unga vidoleni, usiiuze. Wala usiitupe ufukweni, kasa wanaotaga pwani hii hunaswa nayo.

*Mwanachama mwingine wa Malindi:* Je, naruhusiwa kurusha chambo ndani ya hifadhi ya taifa ya bahari, nikimrudisha samaki majini?

Hapana.

*Mwanachama aliyehamia bara:* Shikamoo mzee. Mimi mtoto wa Malindi, sasa niko Naivasha kikazi. Huku wana besi wenyewe. Nitumie mshipi uleule?

Marahaba, mwanangu. Umebahatika: besi waliletwa ziwani humo kutoka Marekani mwaka 1929, kwa hiyo huko zile namba za Wamarekani unaweza kuzichukua karibu kama zilivyo. Maji yakiwa wazi, florokaboni ya ratili 10 au 12 kwa chambo cha kuzama. Kando ya mafunjo na magogo, ambako chambo kifupi cha ulimi wa mraba kinagongagonga vijiti, panda mpaka 15. Kwa chambo kinachoelea juu rudi kwenye nailoni, maana florokaboni itakivuta chini. Waya wa baharini uache nyumbani. Besi hana meno ya kukata, ana midomo ya kukwaruza kama msasa, na hiyo inachubua mshipi polepole. Kila baada ya samaki wawili watatu, kata shibiri ya mwisho ufunge upya.