Massaman nyumbani: lazima tui likatike

Jumamosi iliyopita nilikaa kwenye simu ya video na wifi yangu aliyeko Muscat kwa zaidi ya saa mbili. Alikuwa ameshaalika wageni, ameshawaahidi massaman, na amekwama mbele ya karai lenye tui jeupe linalotokota bila kugeuka. "Wifi, mbona linachemka tu? Nusu saa sasa." Nilijua hasa alipokwama. Nami nilikwama hapohapo nilipoanza kupika na mpishi mmoja wa Kithai katika jiko la hoteli Unguja, na nikamwaga kazi ya nazi sita kabla sijaelewa. Nimeandika haya kwa ajili yake na kwa yeyote aliyekulia kwenye chakula cha nazi, maana ujuzi wetu wa nazi ndio unaotuponza kwenye mchuzi huu.

Massaman ni mchuzi wa nazi wa Thailand, mzito, mtamu kidogo, wenye nyama, viazi na karanga. Jina lake linatokana na neno "Musulman", na viungo vyake vinaonyesha hivyo: iliki, karafuu, mdalasini, bizari nyembamba, kungumanga. Kwa mtu wa pwani ni mahali pazuri pa kuanzia kuliko mchuzi wa kijani wa Wathai, ambao bila majani yake mabichi hauna maana. Hapa karibu kila kitu kimo kwenye kabati lako la pilau.

Hatua ya 1: Kamua tui

Nazi tatu kubwa zilizokomaa. Tui la kwanza kamua kwa kikombe kimoja tu cha maji ya uvuguvugu, la pili kwa vikombe vitatu. Yaweke mbalimbali. La kwanza litie kwenye friji saa moja na nusu mpaka kasimile, yaani lile tui zito kabisa, ijitenge juu.

Wathai nao hutenganisha hivyohivyo: zito wanaliita kichwa cha tui, jepesi wanaliita mkia. Na kile kibao chetu cha kukunia tunachokiita mbuzi, wao wanakiita sungura. Mpishi yule aliponiambia hivyo nilihisi niko kwetu, na ndiyo maana nilidhani nimeshajua yote.

Hatua ya 2: Nyama

Kilo moja ya nyama ya ng'ombe ya mguu, ile yenye mishipa na utando, ikatwe vipande vya ukubwa wa kiberiti. Ichemshe kwa moto mdogo ndani ya tui jepesi na chumvi kidogo mpaka ilainike, saa moja na nusu hadi mbili. Steki usiinunue kwa kazi hii, itakuwa kavu. Mapaja ya kuku nayo yanafaa, dakika 35 zinatosha.

Hatua ya 3: Twanga viungo

Kausha kikaangoni, bila mafuta, kwa moto mdogo: gilgilani kijiko kikubwa kimoja, bizari nyembamba kijiko cha chai kimoja, iliki tano, karafuu tano, kipande cha mdalasini cha urefu wa kidole gumba. Bizari iangalie kwa makini, inaungua kabla ya wenzake. Mfalme Rama wa Pili, aliyetawala huko Thailand kuanzia 1809 hadi 1824, aliutungia mchuzi huu beti na alichosifu ni harufu ya bizari hiyo, kwa hiyo usiipunje. Iliki ya Wathai ni nyeupe na ya mviringo, si hii yetu ya kijani. Ya kijani ina nguvu zaidi, ndiyo maana nimesema tano tu.

Halafu choma pamoja na maganda yake vitunguu vidogo vyekundu vinane na punje kumi za kitunguu saumu, mpaka ganda liwe jeusi na ndani pawe laini. Menya.

Pilipili kavu ndefu kumi, toa mbegu, loweka maji ya moto dakika 20. Pilipili mbuzi hapana kabisa. Tunachotafuta ni rangi na ladha, na ukali uje nyuma. Za Kashmir, kwa walioko Ghuba, zinafaa sana.

Twanga kwa mpangilio huu: viungo vikavu kwanza mpaka viwe unga, uvitoe. Kisha pilipili na kijiko cha chai cha chumvi, chumvi inasaidia kusaga. Kisha mchaichai mitatu, sehemu nyeupe ya chini tu, na vipande sita vyembamba vya khulinjani, mzizi wa jamii ya tangawizi. Kama umepata khulinjani kavu kwa wauza dawa za Kiarabu, iloweke usiku kucha, na kwa massaman haina ubaya. Tangawizi si mbadala wake. Ukikosa khulinjani acha nafasi yake wazi. Ndipo vitunguu, kisha unga wa viungo, nusu kijiko cha chai cha pilipili manga nyeupe, kungumanga ya kukwaruza, na mwisho kijiko cha chai cha kapi, yaani uduvi uliochachwa na chumvi. Ukikosa kapi, twanga uduvi mkavu na chumvi mpaka uwe unga laini. Harufu haitakuwa ileile lakini mchuzi utakuwa na mzizi.

Kinu. Nasisitiza kinu, cha jiwe kama unacho. Blenda inahitaji maji ili izunguke, na maji hayo utayalipia hatua ya 5, rojo la viungo ulivyotwanga litachemka badala ya kukaangika. Wenye blenda tu, tumieni kasimile badala ya maji. Na kununua rojo tayari si aibu, Bangkok kwenyewe watu hulinunua sokoni kwa kupimiwa. Makopo ya Maesri ya gramu 114 ni ya heshima. Ila onja kwanza, mengi yana chumvi ya kutosha, kwa hiyo punguza ya kwako.

Hatua ya 4: Likatishe tui

Hapa ndipo wifi yangu alipokuwa.

Sisi tumefundishwa tangu utotoni: tui likiingia jikoni, koroga, usiliache, moto uwe wa wastani, lisije likakatika. Tui lililokatika kwenye samaki wa kupaka au kwenye mchicha ni fedheha. Mchuzi wa Thailand wa aina hii unataka kinyume chake. Kasimile ipikwe mpaka ikatike kabisa, maji yakauke, mafuta yajitenge, kisha viungo vikaangwe ndani ya mafuta hayo. Wao husema taek man, yaani mafuta yapasuke. Harufu za bizari, mdalasini na mchaichai hutoka vizuri kwenye mafuta ya moto. Kwenye maji, moto hauwezi kuvuka nyuzi 100, kwa hiyo viungo huchemka tu na mchuzi unabaki na ladha mbichi ya unga. Mchuzi wa Kithai wa nyumbani ukionekana mweupe-mweupe, kama supu ya maziwa yenye rangi, chanzo karibu kila mara ni hapa.

Nilikosea kwa njia mbili. Kwanza nilimimina tui lote, zito na jepesi, kwa pamoja. Hilo lina maji mengi mno. Utakaa mpaka magharibi. Pili nilikoroga bila kupumzika kwa moto mdogo, kwa uaminifu wote wa malezi yangu.

Njia ni hii. Karai au sufuria pana, isiyo na kina. Upana ndio unaokausha maji, na sufuria ndefu ya wali itakuchelewesha mara mbili. Chota kasimile ya juu kama kikombe kimoja, iweke pekee yake. Moto wa kati kwenda juu. Koroga mara mojamoja, ukikwangua chini tu isigande. Usifunike.

Dakika nne au tano za mwanzo utaona povu jeupe linalopanda. Kisha povu linashuka na viputo vinakuwa vikubwa na vizito, vinapasuka polepole kama uji. Sasa tega sikio. Sauti ya kutokota inageuka kuwa ya kukaanga, chwaaa nyembamba. Angalia ukingoni: mistari ya mafuta angavu inajitokeza, na katikati panakuwa na mabonge madogo meupe kama maziwa yaliyoganda. Aliyewahi kuona bibi akipika mafuta ya nazi ataitambua harufu hiyo mara moja. Hapo ndipo. Usiende mbele zaidi, maana yale mabonge yakishakuwa ya kahawia utapata mafuta ya nazi na uchungu. Kwa tui la kukamua nyumbani huchukua kama dakika nane hadi kumi na mbili.

Na kama halikatiki? Nilimwambia, "Wifi, nisomee maandishi ya ubavuni mwa kopo." Akasoma: nazi, maji, E412, E435, E466. Ndiyo hiyo. E412 ni gamu ya guar, na zile nyingine mbili kazi yake pia ni kushikilia maji na mafuta yasiachane, ili tui liwe laini koponi mwaka mzima. Kiwanda kimeliwekea ulinzi dhidi ya jambo lilelile unalolitaka. Unaweza kulichemsha saa nzima, litapungua na kuwa zito kama lami, mafuta yatoke kidogo au yasitoke.

Kwa hiyo dukani, kabla ya jina na bei, soma viambato. Unataka nazi na maji tu. E330, asidi ya limao, haina shida, wala dawa za kuhifadhi kama E223 na E224. Tazama pia mafuta: gramu 17 au zaidi kwa kila gramu 100. Lililoandikwa limepunguzwa mafuta liache hukohuko. Usilitikise kopo, liweke wima kwenye friji usiku mmoja, fungua, chota juu. Likiwa limelingana kutoka juu mpaka chini, lisilojitenga kabisa, nalo ni dalili ya gamu hata kama hukusoma. Tui la unga sikushauri.

Ukishakwama na kopo la namna hiyo huku wageni wanavua viatu mlangoni, usimwage. Fanya alichofanya wifi: weka vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya nazi kwenye karai safi, kaanga rojo humo, kisha ongeza tui la kopo kijiko baada ya kijiko. Si sawa na tui lililokatika lenyewe, ule utamu wa mabonge meupe yaliyokaangika unakosekana, lakini viungo vitakaangika, na hilo ndilo kubwa.

Swali ninaloulizwa kila mara: sasa tui likishakatika, mchuzi si utaharibika? Hapana. Tui jepesi na lililobaki utaliongeza baadaye, mchuzi utaungana, na juu yataelea mafuta mekundu. Yale mafuta yanatakiwa yaonekane. Mthai akiona massaman haina mafuta juu ataona imepikwa nusu.

Hatua ya 5: Kaanga rojo

Tia rojo lote ndani ya tui lililokatika, punguza moto kidogo, sasa koroga bila kuacha. Dakika tano hadi saba. Mwanzoni harufu itakupiga chafya, kisha inatulia na kuwa tamu, na rojo linakolea rangi na kutoa mafuta mekundu pembeni. Likianza kushika chini, ongeza kijiko cha kasimile, usiongeze maji.

Hatua ya 6: Unganisha

Mimina nyama na tui jepesi lake, viazi mviringo vinne vilivyokatwa vikubwa, vitunguu vidogo vizima sita, na gramu 100 za karanga zilizokaangwa. Kijiti cha mdalasini na iliki tatu nzima ukipenda. Moto mdogo, bila mfuniko, mpaka viazi viive. Tui la kwanza lililobaki litie dakika tano za mwisho.

Hatua ya 7: Onja

Kwa kiasi hiki naanza na vijiko vitatu vya sukari guru, viwili vya nam pla, yaani maji ya samaki waliochachwa na chumvi, na vitatu vya ukwaju mzito uliochujwa. Sukari kwanza, iache iyeyuke, kisha chumvi, kisha ukwaju, na uonje baada ya kila kimoja. Ukwaju usiutie mapema, unachelewesha viazi kuiva. Utamu utangulie, chumvi ifuate, uchachu uje mwishoni ukisafisha ulimi. Massaman isiyo na ukwaju wa kutosha inachosha baada ya vijiko vitatu. Watu wengi wanaogopa sukari wakazidisha nam pla, nao wanapata mchuzi mkali wa chumvi ambao viazi haviwezi kuuokoa.

Nyanya, binzari ya manjano ya unga na majani ya kotmiri juu havihusiki. Najua mkono unakwenda wenyewe, lakini uzuie.

Epua, funika, uache ukae angalau nusu saa. Kesho yake ni mtamu zaidi, viazi vikiwa vimenywa mchuzi. Wali uwe mweupe. Wa nazi juu ya mchuzi huu ni nazi juu ya nazi. Chapati inakwenda nao vizuri sana, na kando weka matango na vitunguu vilivyolowekwa kwenye siki na sukari kidogo.

Ukipasha, pasha kwa moto mdogo kwenye sufuria na vijiko viwili vya maji, kwa sababu usiku mafuta yataganda juu kama nta ya rangi ya chungwa. Usiyachote ukayatupa. Yakoroge yarudi ndani.