Kutolewa kizazi kwa matundu madogo: uulize nini, ujitunze vipi

Mama aliyekwisha koma hedhi akiona damu, hata tone moja, aende hospitali wiki hiyohiyo. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wanawake hapa Mbeya, na wanaoniumiza moyo ni wale waliokaa nyumbani Rungwe au Makete miezi na miezi kwa sababu shoga aliwaambia ujana umerudi. Saratani ya ukuta wa ndani wa kizazi mara nyingi hujitokeza mapema kwa damu hiyo, na ikiwahiwa, wengi hupona kwa upasuaji wa kutoa kizazi, ama kwa kufungua tumbo, ama kwa kupitisha kamera na vifaa kwenye matundu madogo.

Kabla ya kukubali upasuaji, hakikisha kinyama cha kupimwa kimechukuliwa na majibu yamo kwenye faili. Uliza waziwazi: ni saratani ya ukuta wa kizazi au ya mlango wa kizazi? Usione haya. Utafiti wa Australia, New Zealand na Hong Kong uliotolewa mwaka 2017, kwa wanawake 760 wenye saratani ya ukuta, ulikuta kwamba baada ya miaka minne na nusu waliotobolewa matundu na waliofunguliwa tumbo walikuwa sawasawa: karibu 81 katika kila 100 wako hai na ugonjwa haujarudi. Kwa saratani ya mlango, utafiti wa 2018 ulikuta ugonjwa unawarudia zaidi waliofanyiwa kwa matundu. Kwa hiyo ushauri aliopewa jirani yako usiufanye wako.

Swali la pili: kizazi kitatoka kizima? Penye saratani hakikatwikatwi ndani ya tumbo, chembe zisije zikamwagika. Hupitishwa ukeni kikiwa kizima, kwa kawaida pamoja na mirija na ovari. Kama ni kikubwa mno, heri tumbo lifunguliwe. Ujue pia kwamba daktari anaweza kuanza na matundu akalazimika kufungua, kwa ajili ya damu au makovu ya zamani; saini fomu ukilielewa hilo. Na kama hospitali yako haina vifaa, tafadhali usikae miezi ukivisubiri. Upasuaji wa kufungua unatibu vilevile.

Presha na sukari zidhibitiwe mapema, na dawa zote unazotumia, za kienyeji zikiwemo, zitaje. Wanene na wenye kisukari ndio hasa wanaonufaika na matundu, kwa kuwa kidonda kirefu cha tumbo kwao huchelewa kufunga na hupata usaha upesi.

Ukizinduka, usishangae bega likiuma. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksidi ili kamera ione, na inayobaki husumbua kiwambo cha chini ya mapafu, maumivu yakasikika begani. Yatapungua yenyewe. Siku hiyohiyo, muuguzi akikuruhusu, simama utembee, damu isigande miguuni, hata kama ni Juni na baridi yetu inakukaba. Vaa soksi na kitenge kizito.

Nyumbani ndiko kwenye hatari. Tumboni kuna plasta ndogo nne au tano, watu wanadhani umepona, kumbe ndani, mwisho wa juu wa uke, kuna mshono mkubwa. Mimi humwita mume na watoto kitandani, nawaambia mbele ya mgonjwa: "Ndoo ya lita ishirini si yake, jembe si lake, gunia la viazi asiliguse." Wiki sita angalau. Tendo la ndoa lisubiri mpaka daktari aukague mshono. Homa, damu nyingi, mkojo kuvuja, mguu mmoja kuvimba au pumzi kubana: rudi hospitali saa hiyohiyo, hata usiku.

Kizazi kilichotolewa hupelekwa maabara. Majibu yake yafuatilie mwenyewe, ndiyo yanayoamua kama utahitaji mionzi. Ukipelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, kata siti ya pembeni mwa njia, ushuke kunyoosha miguu kila basi linaposimama, na karatasi ya majibu uikumbatie kwenye mkoba wako, isiende kwenye buti.