Kijana wenu kafungwa Marekani na wakili hakumpigania kwenye adhabu, nyie mlioko Tanga mfanye hivi

Kijana kapigwa mvua 7 kule, wakili siku ya adhabu kasema maneno mawili kakaa chini, sasa mnaulizana hapo Ngamiani muanzie wapi. Muanze na tarehe jamani, sio na machozi. Kama kesi ni ya serikali kuu ya Marekani, ana mwaka 1 tu toka hukumu iwe ya mwisho kupeleka maombi ya kifungu 2255, yaani ya mfungwa kuomba hukumu au adhabu yake ifutwe au irekebishwe, na yanapelekwa mahakama ileile iliyomfunga, hakuna ada ya kufungua. Kama ni kesi ya jimbo basi kila jimbo lina njia yake na muda wake, kwaiyo akipiga simu swali la kwanza ni hilo, kesi ya nani, na adhabu ilisomwa lini.

Swali la pili: je ulimwambia wakili akate rufaa akakaa kimya? Hili watu wanalipita wakati ndo lenye nguvu kuliko yote, maana kwa maamuzi ya Mahakama ya Juu ya Marekani, kesi ya Flores-Ortega ya 2000 na ya Garza ya 2019, kama alimwagiza wazi na wakili hakupeleka, hahitaji kuonyesha kwamba hiyo rufaa angeshinda, hata kama alisaini makubaliano ya kutokata rufaa.

Kama sio hilo, basi anabanwa na kipimo cha uzembe wa wakili kilichowekwa kwenye kesi ya Strickland ya 1984, na kina mambo mawili ambayo lazima yatimie yote. Moja, kazi ya wakili iwe chini ya kiwango cha wakili wa kueleweka, na hapa jaji anaanza kwa kuamini wakili alikuwa na mbinu yake. Pili, kuwe na uwezekano wa maana kwamba bila ule uzembe adhabu ingekuwa tofauti. Nafuu ipo, kesi ya Glover ya 2001 ilisema muda wowote wa ziada gerezani unahesabika, hata wa miezi. Kwaiyo wakili aliyeacha kupinga hesabu mbovu ya pointi za adhabu kwenye ile ripoti inayoandaliwa kabla ya hukumu, hiyo ni hoja kabisa. Mwambieni aombe faili lake lote kwa wakili huyo, kwa barua, abaki na kopi.

Sasa kazi yenu nyie. Kesi ya Wiggins, 2003, mawakili walilaumiwa kwa kutochimba maisha ya mteja wao. Ile ilikuwa kesi ya adhabu ya kifo, kwa kesi za kawaida majaji ni wagumu zaidi, ndo maana ushahidi wenu uwe wa kushikika. Shangazi akiandika "ni mtoto mwema, tunaomba huruma" haisaidii kitu. Aandike: mama yake alifariki yuko darasa la tatu, nikamchukua mimi Makorora, akawa anabeba mizigo soko la Mgandini kabla ya shule, alilazwa Bombo kwa kuumia kichwa, na wakili hakuwahi kunipigia hata siku moja, namba yangu alikuwa nayo. Hiyo sentensi ya mwisho msiisahau hata kidogo, maana ndo inaonyesha wakili hakutafuta. Ambatanisheni karatasi za hospitali na za shule, ila muandike ya kweli tupu, uongo mmoja ukigundulika unaua mengine yote.

Kwa mahakama za serikali kuu maelezo hayo hayahitaji muhuri wa wakili wa huku. Mwishoni aweke kwamba anathibitisha ni kweli, akijua adhabu ya kusema uongo chini ya sheria za Marekani, halafu tarehe na sahihi. Yakiandikwa Kiswahili yaende na tafsiri ya Kiingereza na aliyetafsiri naye asaini.

Na asikimbilie kupeleka nusunusu, maana ombi la pili la 2255 ni mpaka mahakama ya rufaa iruhusu, na mlango huo ni mwembamba sana. Hoja zote ziingie kwenye lile la kwanza.