Kurudisha nguvu ukiwa bado kwenye matibabu ya saratani: anza na kiti

Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo. Wagonjwa wengi wa saratani wanaofika kwangu wameshaambiwa na ndugu zao neno moja: pumzika. Nia ni njema, ila uchovu wa saratani hauishi kwa kulala. Ukishinda kitandani, misuli ya mapaja inanywea, na baada ya muda kwenda chooni tu kunakutoa jasho. Mwaka 2022 ASCO, chama cha Marekani cha madaktari wa saratani, kilitoa mwongozo unaowataka madaktari wapendekeze mazoezi hata kwa mgonjwa aliye katikati ya matibabu yanayolenga kumponya.

Hatua ya 1: Muulize daktari wako
Je, saratani imefika kwenye mifupa? Kama ndiyo, usijipinde, usizungushe kiuno wala usinyanyue mzigo mpaka uelekezwe. Damu yangu ikoje? Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikishuka sana, hata kujigonga kidogo kunaweza kuvujisha damu. Dawa ninazotumia zinagusa moyo? Doxorubicin, kwa mfano, inaweza.

Homa ikifika nyuzi 38, achana na mazoezi na upige simu hospitali saa hiyohiyo, usingoje kuche. Vivyo hivyo kwa maumivu ya kifua, pumzi kukatika ghafla, au mguu mmoja kuvimba.

Hatua ya 2: Kiti
Kama una nguvu ya zoezi moja tu, fanya hili. Chukua kiti imara kisicho na magurudumu, ukiegemeze ukutani. Kaa sehemu ya mbele ya kiti, nyayo zote chini, visigino vikiwa nyuma kidogo ya magoti. Inama mbele hadi pua ipite juu ya vidole vya miguu. Wengi hurukia kusimama kabla ya hapo, ndiyo maana wanaanguka tena kitini. Sasa sukuma sakafu kwa miguu na usimame huku ukitoa pumzi. Kushuka ndiko kwenye kazi: hesabu moja, mbili, tatu, polepole, usijibwage.

Rudia, kisha acha ukiwa bado na nguvu ya kusimama mara mbili zaidi. Pumzika dakika moja au mbili, fanya duru nyingine. Ukishindwa, weka mto juu ya kiti au jisukume kwa mikono. Ikiwa rahisi, ondoa mto, kisha mikono, kisha shika chupa ya maji kifuani.

Kama dawa zimekutia ganzi nyayoni, vaa viatu vilivyofunika mguu na uwe na meza karibu ya kushika.

Hatua ya 3: Kutembea
Dakika tano zinatosha kuanzia, hata mara mbili au tatu kwa siku. Mwendo uwe wa kukuwezesha kuongea lakini si kuimba. Lengo la mbali ni dakika 30, mara tatu kwa wiki.

Hatua ya 4: Bega, kwa waliopasuliwa titi
Daktari wa upasuaji akiruhusu, simama ukitazama ukuta na utambaze vidole kwenda juu mpaka uhisi kuvutwa, si kuchomwa. Tia alama ya penseli ulipofika. Zamani wagonjwa hawa walikatazwa kubeba chochote wakihofia mkono kuvimba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba uzito unaoongezwa kidogo kidogo, chini ya uangalizi, hauzidishi uvimbe.

Hatua ya 5: Fuata mzunguko wa dawa
Andika kila siku ulisimama kitini mara ngapi, na uchovu wako kati ya 0 na 10. Baada ya mzunguko mmoja au miwili utazijua siku zako mbovu. Kwa wengi ni zile za mwanzo baada ya dripu. Siku hizo tembea ndani ya nyumba tu. Zikipita, usirukie pale ulipoishia: anza na nusu, na ukiamka kesho yake umechoka kuliko jana, punguza tena.